Mkono ukianza kutetemeka miezi kadhaa baada ya ajali ya kichwa, fanya hivi

Mdogo wangu alianguka na bodaboda njia ya Kibosho, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani tukashukuru Mungu tukajua yameisha, kumbe mwezi wa nne hivi tangu ajali chai ikaanza kumwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Majirani wakasema pombe, na mtu mwenyewe hanywi! Wengine wakasema katupiwa kitu. Sio. Ubongo ukiumia sana mtetemo unaweza kuja wiki au miezi baadae, na ile ya misuli kukaza mpaka shingo au mguu unapinda, wanaita distonia, inaweza kuchelewa hata miaka.

Cha kwanza mchukue vidio. Amelaza mkono kwenye mto hafanyi kitu, halafu amenyoosha mikono mbele, halafu anachukua kikombe. Wa kwetu mkono ukilala ulikuwa umetulia kabisa, tabu inaanza akikaribia kikombe, na hiyo tofauti ndo daktari anaitafuta, maana siku ya kliniki anaweza akatulia isionekane kitu. Andika na tarehe ilipoanza.

Dawa zote anazotumia tia kwenye mfuko uende nazo, hata za kuzuia kutapika, kwa sababu metoklopramidi (ya kuzuia kutapika) na haloperidoli (ya wagonjwa wa akili) zenyewe zinaweza kuleta kukakamaa na kutetemeka. Usimwachishe wewe, ila zitajwe. Beba karatasi za kuruhusiwa na picha ya siti skani. Sisi tulipewa rufaa kwenda KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi.

Ila kama kichwa kinazidi kuuma siku hadi siku, anatapika, anasinzia sinzia, upande mmoja unalegea au degedege imempata, jamani usisubiri tarehe ya kliniki, kodi hata bajaji usiku huo huo! Damu inaweza kuvuja taratibu kichwani wiki kadhaa baada ya kuumia.

Matibabu yapo. Mtetemo wanaweza kujaribu propranololi (mwenye pumu aseme mapema, haimfai), distonia kuna sindano za botoksi, dawa ya kulegeza msuli, zinachomwa kwenye msuli wenyewe, na wengine inapungua yenyewe.

Nyumbani mjazie kikombe nusu, aegemeze viwiko mezani, mpe kijiko kizito, na usimkimbize akiwa anakula maana akipaniki mkono unazidi. Mdogo wangu uji ukipoa anakunywa kwa mrija. Mwanzoni aliona aibu wageni wakija, basi mama akawa anaweka mrija kwenye vikombe vya wote.