Kufungua mpangilio wa kerneli kupitia /proc/sys, hatua kwa hatua

Mafaili ya /proc/sys hayakai kwenye diski. Ukisoma /proc/sys/vm/swappiness, kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) inakutungia jibu papo hapo. Ukiandika humo, unabadilisha kigeu kilicho ndani ya kerneli. Kwa hiyo mipaka ya thamani naiweka kwenye jedwali lenyewe. Simwachii msimamizi wa seva aikumbuke.

Hatua ya 1. Tangaza thamani, mipaka na jedwali nje ya funksheni zote, maana kerneli itarudi kuvisoma muda wote moduli (kipande cha msimbo unachopakia ndani ya kerneli) ikiwa hai:

static int kikomo = 10, chini = 1, juu = 100;

static struct ctl_table jedwali[] = {
{ .procname = "kikomo",
.data = &kikomo,
.maxlen = sizeof(int),
.mode = 0644,
.proc_handler = proc_dointvec_minmax,
.extra1 = &chini,
.extra2 = &juu },
};

Kuwa makini na aina ya kigeu. Niliwahi kutangaza u8 (namba ya baiti moja) huku nimeacha sizeof(int) na kishughulikiaji (proc_handler) hichohicho. Kila nilipoandika thamani mpya, baiti tatu za jirani zilifutwa, na hitilafu ikajitokeza sehemu isiyohusiana kabisa. Nilihangaika nayo siku mbili. Kwa u8 tumia proc_dou8vec_minmax.

Ruhusa 0644 inamwachia root (msimamizi mkuu) peke yake kuandika. Kama hata kuisoma thamani ni hatari, weka 0600. 0666, inayomruhusu kila mtu kuandika, usiiweke kamwe.

Hatua ya 2. Sajili jedwali moduli inapoanza, na uhakikishe jibu (hdr) si NULL, yaani usajili haukushindwa:

hdr = register_sysctl("mfano", jedwali);

Kerneli za zamani zinadai pia safu tupu mwishoni mwa jedwali.

Hatua ya 3. Unapoitumia thamani, isome mara moja tu:

int k = READ_ONCE(kikomo);

Kisha fanya kazi yote kwa k. Ukikagua kikomo, halafu ukakisoma tena kutenga kumbukumbu, mtu anaweza kuwa amekibadilisha katikati, na ukaguzi wako umepotea bure. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu majaribio ya kawaida hayaonyeshi kosa.

Hatua ya 4. Jaribu kuivunja mipaka:

echo 500 | sudo tee /proc/sys/mfano/kikomo

Lazima upate "Invalid argument", na cat iendelee kuonyesha 10. Jaribu pia 0, -1 na herufi.

Hatua ya 5. Moduli inapoondoka, ita unregister_sysctl_table(hdr) kabla ya kuachilia kitu kingine chochote. Ukisahau, faili litabaki likielekeza kwenye kumbukumbu isiyokuwepo, na atakayelisoma anaweza kuangusha mashine nzima.