Kapi Husikia Mguu Wako Kabla ya Kuona Chakula Chako

Mama mmoja karibu na Luanda, Vihiga, magharibi mwa Kenya, alinipigia simu akilalamika kwamba samaki wake aina ya kapi hawali. Bwawa lake ni la mita 15 kwa 20, ukubwa ule ule wa mabwawa mengi yaliyochimbwa chini ya mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, na ndani yake amechanganya tilapia na kapi. Tilapia walikuja juu wakala vizuri. Kapi hawakusogea, na chakula chao kilikuwa kinaozea chini. Alikuwa amebadilisha duka la chakula mara mbili.

Nilimwomba karai. Tulilijaza maji hadi mdomoni, tukaliweka juu ya tuta la bwawa, tukachuchumaa kando yake. Jirani ana mashine ya kusaga unga hatua chache kutoka hapo, na huiwasha kila mteja anapofika. Ilipowaka, tuliendelea kuongea bila kupaza sauti, kwa hiyo huwezi kusema kelele ilikuwa kubwa. Lakini maji ya karai yalianza kutetemeka, miduara midogo ikitoka ukingoni na kukimbilia katikati. Mama aliyatazama, kisha akageuka kutazama bwawa.

Wafugaji wengi huogopa makelele ya mdomo na kusahau miguu na mashine. Sauti ya mtu anayeongea husafiri hewani, na sehemu kubwa ya sauti ya hewani ikigonga uso wa maji hurudishwa juu. Mtikisiko unaopita ardhini hauna kizuizi hicho. Unaingia majini kupitia tuta lenyewe, na majini sauti hukimbia takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mtoto anayeruka kutoka kwenye tuta, ng'ombe anayeteremka kunywa, pampu iliyowekwa ukingoni, yote hayo kapi huyapata mara moja.

Naye ameumbwa kuyapata. Kapi ana vifupa vidogo vinavyounganisha mfuko wake wa hewa na sikio la ndani. Mfuko huo hupokea mtetemo kama ngozi ya ngoma, na vifupa huupeleka sikioni. Kambare naye anavyo. Tilapia hana, ndiyo maana katika bwawa lile lile mmoja alikula na mwingine akajificha. Ongeza mstari wa hisia unaopita ubavuni mwa samaki, unaotambua hata maji yakisogea kidogo karibu naye.

Kelele ya mfululizo kapi huweza kuizoea kwa kiasi. Inayomsumbua zaidi ni ile ya ghafla, inayokuja na kukatika. Akishtuka huacha kula, na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mfugaji wa kapi alijue: kapi hana tumbo la kuhifadhi chakula. Chakula hupita kutoka kooni moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Hawezi kushiba mara moja akangoja kesho kama wewe na mimi. Anahitaji kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, na kila mlo ukivurugwa umepoteza ukuaji. Chakula kilichobaki nacho huoza, hula hewa ya majini na kuongeza sumu ya amonia.

Basi panga ukingo wako. Pampu iondoe kwenye tuta, iweke kwenye ardhi ngumu mbali kidogo na uitandikie vipande vya tairi kuukuu. Ng'ombe wachotee maji, wasishuke bwawani. Njia ya kupita watu isiwe juu ya tuta ikiwa una nafasi ya kuihamisha. Upande ambao njia huwezi kuihamisha, panda nyasi zenye mizizi ya kushika udongo; zitaficha pia kivuli chako, maana kapi huona mtu anayesimama wima ukingoni.

Kulisha kufanywe na mtu yule yule, kona ile ile, saa zile zile. Kapi hujifunza haraka. Akizoea hatua zako pamoja na chakula, hatua hizo hizo zitamwita. Usianze alfajiri, wakati hewa ya majini iko chini kabisa. Ngoja jua lipande, kama saa 3 au saa 4 asubuhi. Ukikuta samaki wanahema juu ya maji mapema asubuhi, usidhani ni njaa. Wamekosa hewa, na kuwashtua saa hiyo ni kuwaongezea hatari. Ongeza maji safi kwanza.

Kwa kuwa kapi hula chini akichimba tope, usitegemee kumwona. Tazama viputo vinavyopanda kwa kundi na wingu la tope jipya. Mama wa Luanda tulihamishia malisho yake kwenye kona iliyo mbali na mashine, na akaanza kulisha saa ambazo jirani hana wateja. Baada ya wiki mbili alinipigia tena, safari hii kunihesabia viputo.

Siku ya kuvuna, vuta neti mara moja kwa mpango mzuri badala ya kuivuta mara tano kwa kubahatisha. Na samaki usimpasulie bwawani. Mwaka 1938 mwanasayansi Karl von Frisch alieleza kwamba ngozi ya samaki wadogo wa ukoo wa karibu na kapi, ikijeruhiwa, hutoa kitu majini kinachowatawanya wenzao kwa hofu. Majeruhi na matumbo yapeleke mbali na kona ya malisho.

Wavuvi wa Ziwa Naivasha, ambako kapi alionekana kwenye nyavu kuanzia karibu mwaka 2001 na baadaye akawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa, wana shida hiyo hiyo kwa sura nyingine. Kasia linalogonga ubavu wa mtumbwi, jiwe la nanga linalotupwa, ndoo ya bati inayoburutwa: hizo ndizo kelele zinazoshuka majini. Tandika gunia bichi sakafuni mwa mtumbwi, shusha nanga kwa mkono hadi iguse chini. Anayevua kwa ndoano ukingoni akae chini, jua lisimtupie kivuli mbele, na aache mahali patulie kabla ya kurusha chambo. Majani ya kina kifupi yaache kabisa wakati kapi wanataga, kwa sababu mayai yao hunata kwenye mimea na kila mguu unaopita hapo huyakanyaga.

Lakini kwenye mafunjo ya Naivasha usitembee kimya kupita kiasi. Kiboko akishtushwa karibu ni hatari kuliko kiboko aliyekusikia mapema akaondoka. Ukiwa unapita katikati ya mafunjo, ongea na mwenzako kwa sauti ya kawaida. Kapi hatakusikia sana, kiboko atakusikia. Nyamaza ukishafika mahali pa wazi ulipokusudia kukaa.