Namna Vibarua wa Korosho Wanavyoweza Kujipanga kwa Simu

Msimu wa kuokota korosho Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania, hushika kasi mwezi Oktoba, kwa hiyo kundi la WhatsApp lianzishwe mapema, wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kabla vibarua hawajatawanyika mashambani. Wasimamizi wawe watatu, na mmoja wao awe mwanamke, kwani yapo malalamiko ambayo mama hatamweleza mwanamume.

Kazi kubwa ya kundi ni kutunza kumbukumbu. Kila jioni kibarua aandike tarehe, shamba, kilo alizookota na ujira uliokubaliwa, kisha apige picha ya mizani kabla gunia halijashonwa, mshale ukionekana vizuri, maana picha hiyo hubaki hata daftari la mwenye shamba likipotea. Asiye na simu janja aandikiwe na mwenzake. Jina la mlalamikaji lisitajwe kundini. Ujumbe husambaa, na anayeumia ni mnyonge.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaruhusu wafanyakazi wasiopungua 20 kuanzisha chama cha wafanyakazi. Mazungumzo kuhusu ujira yakishindikana, mgogoro upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, pamoja na picha zote.