Jogoo wa Mbegu Hauzwi Sikukuu

Krismasi au Idi ikikaribia, wachuuzi wa kuku hupita vijijini Singida na Dodoma wakitafuta majogoo wakubwa wa kupeleka Dar es Salaam. Mfugaji humtoa yule mwenye kifua kipana aliyekua haraka kuliko wenzake, na bandani anabaki yule mdogo aliyekosa mnunuzi. Huyo ndiye atakayepanda majike mwaka mzima. Vizazi viwili vitatu vikipita hivyo, tunalalamika kwamba kuku wa kienyeji hawana uzito.

Kuku wetu wa asili wana mengi ya kutunza. Kuchi ni mrefu na mzito, ingawa hatagi sana. Kishingo huvumilia joto kwa sababu ya manyoya yake machache. Ching'wekwe wa Morogoro ana miguu mifupi na umbo dogo. Ukijua unataka nini, nyama au mayai, utajua umbakize nani.

Chagua jogoo mapema, wangali vifaranga wa miezi miwili. Mfunge uzi wa rangi mguuni yule anayewazidi wenzake wa rika moja, na uulegeze kadiri mguu unavyonenepa. Mwangalie na mama yake pia. Koo wa kuzalisha ni yule anayetaga mayai 12 hadi 15 kwa mzao, anatulia kwenye kiota, na vifaranga wake wengi wanafika miezi miwili. Daftari la shilingi chache linakutunzia habari hizo kuliko kichwa. Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10.

Asipande mabinti zake. Tetea huanza kutaga akikaribia miezi sita au saba, kwa hiyo kabla ya hapo badilishana jogoo na mfugaji wa kijiji kingine; kuku wa jirani huenda ni ndugu wa hao wako. Mgeni mtenge wiki mbili ukimchunguza afya. Akishaingia kundini, subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya mayai ya kuatamisha, maana jike hubaki na mbegu za jogoo wa zamani mwilini kwa muda huo.

Wapenzi wa kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja, wasimpandishe kidimu kwa kidimu. Baadhi ya vifaranga hutoka karibu uchi na hawastahimili baridi. Mpe jike wa manyoya ya kawaida. Na kama unategemea kuku waatamie wenyewe, sikushauri kuingiza jogoo chotara kama Kuroiler. Uzito utaongezeka, ndiyo, lakini majike watakaozaliwa wengi watapoteza hamu ya kuatamia, na mashine ya kutotolea huna.

Mayai ya mbegu yaokote kila siku, yahifadhi mahali pa ubaridi ncha nyembamba ikiwa chini, na yasipite siku 10. Usiyaoshe. Koo wa kwanza akianza kulalia, mwachie mayai machache ya kumshikilia mpaka mwenzake naye atulie; kisha usiku mmoja ondoa hayo, mpe kila mmoja mayai 10 hadi 12 yale uliyohifadhi. Watatotoa pamoja siku ya 21, na koo mmoja anaweza kulea vifaranga wa wote wawili. Siku ya saba yamulike kwa tochi gizani. Yai lililo hai lina mishipa ya damu iliyosambaa kama utando wa buibui. Linalong'aa tupu litoe, lisije kuwa viza na kupasukia wenzake.

Vifaranga wafungie na mama yao wiki nne za mwanzo, kwenye tenga au chumba kikavu, mbali na mwewe na kicheche. Wape pumba na dagaa wa kusaga, mchwa ukiwapata, na maji safi.

Kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, ndicho kinachofuta kazi hii yote kwa wiki moja. Chanjo yake, iitwayo I-2, hutolewa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasio wagonjwa tu, vifaranga nao wakiwemo. Hakikisha wamechanjwa kabla kiangazi hakijakolea. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa uani kwako na kikifunguliwa hakikai, kwa hiyo changeni fedha na majirani, mchanje nyumba zote jioni moja kuku wakishaingia bandani.