Namna ya Kuendesha Programu Nyingi kwenye Windows 3.1 Bila Kompyuta Kuganda

Anayefufua kompyuta ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yenye Windows 3.1, toleo lililotoka mwaka 1992, hana budi kuelewa kwanza jinsi mfumo huo unavyogawa muda wa kichakataji. Windows 3.1 haiipokonyi programu ya Windows kichakataji. Husubiri programu yenyewe ikiachie, yaani pale inaporudi kuuliza kama kuna ujumbe uliofika kutoka kwenye kibodi, kipanya au mfumo. Programu moja ya Windows isiyorudi kuuliza huzikwamisha nyingine zote. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, fungua Clock, chagua saa ya mishale, kisha anza kuformati flopi kwa kutumia File Manager: mshale wa sekunde utasita, utaruka, halafu utasita tena. Hakuna kilichoharibika, saa imenyimwa zamu yake.

Sasa fungua menyu ya Help katika Program Manager, uchague About Program Manager, na uhakikishe kwamba pameandikwa 386 Enhanced Mode. Hali hiyo huhitaji kichakataji cha 80386 au cha baadaye, pamoja na HIMEM.SYS, programu ndogo inayosimamia kumbukumbu ya ziada, iliyopakiwa kupitia CONFIG.SYS, faili la mipangilio linalosomwa kompyuta inapowaka. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa kila programu ya DOS, mfumo wa amri za maandishi ambao Windows 3.1 huendeshwa juu yake, hupewa eneo lake la peke yake na hugawiwa zamu kwa lazima, itake isitake. Kwa hiyo kazi ndefu, kama vile kubana mafaili mengi, ni bora uifanye kwenye dirisha la DOS. Fungua PIF Editor, kifaa cha kupangia mipangilio ya programu ya DOS, na utie alama kwenye Background, kwani bila alama hiyo programu ya DOS husimama mara tu unapohamia dirisha jingine.

Kwenye kisanduku kile kile cha About pana asilimia ya System Resources, na hii ndiyo namba ninayoisisitiza kuliko zote. Haipimi kumbukumbu yote ya kompyuta. Inapima akiba finyu, kila moja isiyozidi KB 64, ambamo mfumo huweka taarifa za madirisha, menyu, brashi za kuchorea na fonti. Ndiyo maana kompyuta yenye MB 16, nyingi zikiwa hazijatumika, inaweza kulalamika kwamba kumbukumbu imekwisha. Iandike asilimia hiyo kabla ya kufungua programu, kisha itazame tena baada ya kuifunga: ikiwa haikurudi karibu na pale ilipokuwa, huenda programu hiyo imeacha vitu vyake humo. Binafsi, nikiona imeshuka chini ya 30 hufunga programu moja moja, na isipopanda hutoka Windows kabisa na kuingia upya.

Programu ikiganda, usikimbilie kuzima umeme. Bonyeza Ctrl+Alt+Del mara moja tu, kisha usome skrini ya buluu kwa utulivu. Esc hukurudisha ulikotoka, Enter huifunga programu iliyokwama, na kubonyeza Ctrl+Alt+Del mara ya pili huiwasha kompyuta upya na kupoteza yote ambayo hayajahifadhiwa. Chagua Enter. Ukirejea salama, hifadhi kazi zako kwa majina mapya, usije ukaharibu nakala nzima ya zamani, kisha utoke Windows, kwa sababu programu zote za Windows hukaa kwenye eneo moja la kumbukumbu na iliyokufa huenda imechafua sehemu za wenzake.

Limebaki jambo la kuzima. SmartDrive, programu inayoharakisha diski kwa kuweka data kwenye kumbukumbu, inaweza kushikilia kwa muda data ambayo unadhani imekwisha kuandikwa kwenye diski kuu, hivyo ukifika kwenye DOS andika SMARTDRV /C, ngoja taa ya diski itulie, ndipo uzime swichi.