Kumwandaa mwalimu wa Hisabati kufundisha michezo

Usianze na vitabu. Mwambie avae raba aje uwanjani. Choreni mistari kwa majivu, fungeni mpira wa makaratasi na mifuko kwa kamba, kisha mcheze rede, naye awe katikati akikwepa. Rede anaijua tangu utotoni. Woga humtoka hapohapo. Mimi huanza hivyo siku zote.

Kazi kubwa ni kugawa. Watoto 60 kwa mpira mmoja, wengi watabaki wamesimama juani. Apange makundi ya sita sita, kila kundi na mpira wake. Filimbi ikilia: wote wasimame, mpira chini. Walirudie hilo mpaka walizoee, ndipo mchezo uanze.

Na mtoto mzito wa mbio asiachwe kando ahesabu magoli. Arushiwe mpira kwa karibu, akidaka arudi nyuma hatua moja.