Kabla hujaingia nyumba ya mpito Kisumu

Ukiambiwa kuna nafasi kwenye nyumba ya mpito, yaani makao ya muda kwa anayetoka gerezani, kwenye ulevi au kwenye kipigo, kabla hata ya kuuliza kama maji yapo, uliza utakaa hadi lini na tarehe hiyo imeandikwa wapi. Wengi huingia wakifurahia kitanda, halafu mwezi wa tatu wa kukaa humo wanaulizwa wanahama lini na hawana jibu. Ukijua tarehe ya kutoka, piga hesabu siku hiyo hiyo. Tuseme chumba cha mtaa wa Nyalenda ni shilingi 3,500. Landilodi atataka kodi ya mwezi na dipoziti, jumla 7,000, na bado hujanunua godoro wala jiko.

Kisha makaratasi, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo tulipokwama sisi. Mdogo wangu alitoka gereza la Kodiaga na karatasi ya kuachiliwa aliyoikunja hadi ikachanika kwenye mkunjo, palepale penye jina lake. Kitambulisho kilikuwa kimepotea tangu alipokamatwa. Laini ya simu haikuwa imetumika muda mrefu na ilishapewa mtu mwingine. Bila kitambulisho hupati laini, bila laini huna M-Pesa, na siku hizi hata kibarua cha kushusha magunia soko la Kibuye hulipwa kwa simu. Wiki za kwanza alilipwa kupitia simu yangu, na hilo lilituletea maneno ya nyumbani ambayo sitayaeleza hapa. Kwa hiyo anza mapema: abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuonyesha umeripoti kitambulisho kimepotea, halafu Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali. Karatasi yoyote uliyopewa, itolee kopi tatu, moja ibaki kwa mtu unayemwamini. Kama uko chini ya afisa wa probesheni, mjulishe unakohamia kabla hujahama.

Dawa haziwezi kungoja uzoee mazingira. Anayetumia ARV, au yuko katikati ya dozi ya TB, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita, aombe barua ya uhamisho kutoka kliniki yake na abebe dawa za kutosha hadi apokelewe kwingine. Bima pia iangalie: NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali, iliisha Oktoba 2024 ikaja SHA, na kuwa na kadi ya zamani hakukuandikishi. Unajiandikisha kwa *147#. Halafu beba neti. Hapa ni kando ya ziwa, mbu hawajui kwamba wewe ni mgeni.

Masharti ya nyumba yasome kabla ya kutia sahihi. Mlango hufungwa saa ngapi? Ukipata kazi ya usiku utafunguliwa? Ibada ni ya lazima? Ukianguka ukanywa siku moja, unafukuzwa au unasaidiwa? Nyumba zingine hukuwekea akiba ya mshahara wako. Si vibaya, ila dai risiti kila mara, hata ya shilingi mia mbili. Kama tatizo lako ni pombe au dawa za kulevya na hujapata pa kwenda, NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa hizo, hupokea simu bure kwa 1192. Nunua na kufuli lako mwenyewe. Watu wanne chumba kimoja ni watu wanne, hata wawe wema namna gani.

Kwa dada anayekimbia kipigo, mambo ni tofauti kidogo. Kabla hujafunga virago, jua kwamba sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inairuhusu mahakama kuamuru anayepiga ndiye atoke, wewe na watoto mbaki. Wakati mwingine si salama kubaki, najua, hata amri iwe mkononi. Ukiamua kuondoka, piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, na uzime ile huduma ya simu inayoonyesha ulipo. Uliza pia kuhusu watoto wa kiume: makao mengine ya wanawake hayapokei mvulana aliyevuka umri fulani, na mlangoni saa tatu usiku si mahali pa kugundua hilo.

Jambo dogo la mwisho: landilodi wako wa baadaye atauliza ulikuwa ukikaa wapi. Omba barua kwa msimamizi wa nyumba angali anakukumbuka kwa jina, maana wasimamizi nao huhama.